Uliza Ujibiwe: Mfanyakazi wa kumi, na nusu mshahara ya WhatsApp

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: Serikali inamsaidiaje anayeajiri kijana? Tumezijibu kwa hesabu pale palipohitaji hesabu. Mifano ya mishahara ni ya kuelekeza tu; weka ya kwako.

Ndugu Mhariri, nina karakana ya samani hapa Nkuhungu, mafundi tisa. Kwenye kundi letu la WhatsApp umepita ujumbe kwamba Serikali inamlipa mwajiri nusu ya mshahara wa kila kijana asiye na kazi atakayemchukua, miezi sita mfululizo. Wanataka Sh 50,000 ya kufungulia faili. Kazi ya mtu wa kumi ninayo. Nilipe?
*Fundi seremala, Nkuhungu, Dodoma*

Usilipe. Hakuna mpango wa jumla wa Serikali wa kumwekea mwajiri binafsi nusu ya mshahara kwenye akaunti. Msaada uliopo unapita milango mingine: mafunzo ya vijana, mikopo ya vikundi, zabuni zilizotengwa. Hiyo tutaifikia kwenye barua zinazofuata. Hiyo elfu hamsini yenyewe inajianika: malipo halali ya Serikali hutolewa kontroli namba, hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, hamtozi anayetafuta kazi, na sheria inawakataza hata mawakala binafsi wa ajira kumtoza. Kwa hiyo mtu akija kwako au kwa kijana wako na "ada ya faili", ameshajitambulisha.

Swali zito liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Mtu wa kumi ana bei yake, na si bei ya mtu wa tisa.

Tuseme kila fundi wako analipwa Sh 300,000 kwa mwezi kabla ya makato. Juu ya hiyo, wewe mwajiri unachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, yaani 30,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5, yaani 1,500. Huyo fundi anakugharimu 331,500. Naye anakatwa asilimia 10 yake ya NSSF, inabaki 270,000, na hapo ndipo hasa unapoishia mshahara usiotozwa PAYE, ile kodi ya mshahara. Anaondoka na 270,000 nzima. Tisa wa namna hiyo wanakutoka Sh 2,983,500 kwa mwezi.

Ukifika watu kumi, inaingia SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya kumi haimgusi. Akifikisha kumi inamgusa kwa mishahara ya wote, si ya yule wa kumi peke yake. Julai 2023 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na hesabu hii tunaifanya kwa 3.5. Sheria ya Fedha hufungua madaftari haya kila Julai, kwa hiyo pitia dirisha la TRA kabla ya kuamua. Mishahara yako sasa ni 3,000,000, SDL ni 105,000, NSSF 300,000, WCF 15,000. Jumla 3,420,000.

Toa ya awali kwenye hiyo. Fundi wa kumi amekugharimu Sh 436,500 kwa mwezi, ilhali mshahara wake ni laki tatu.

Wa kumi na moja je? Huyo ni 342,000 tu, kwa sababu ule ukuta umeshauruka. Ndiyo maana tunasema: kama oda zinaruhusu, usiruke na mmoja. Kutoka tisa kwenda kumi na moja nyongeza ni 778,500, wastani wa 389,250 kwa kila mmoja. Kama oda haziruhusu, baki tisa na umlipe mtu saa za ziada, mara moja na nusu ya ujira wa saa, kwa makubaliano, mpaka kazi itulie. Sisi tunaona kona hii ya sheria ni kali bila sababu. Ingetosha tozo ianze kwenye mshahara wa kumi na kuendelea, na karakana nyingi za Nkuhungu na Kizota zisingekaa miaka na miaka kwenye watu tisa.

Ujanja unaofanyika ni wa aina mbili na yote miwili huumbua watu. Wa kwanza, kumwita wa kumi "deiwaka". Vibarua na wa muda nao wanahesabiwa. Wa pili, kuigawa karakana kwa jina la mke. Stoo moja, randa moja, mteja mmoja, halafu vitabu viwili: mkaguzi hahitaji miwani. SDL na PAYE hupelekwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na kinachowaumiza wengi ni riba ya kuchelewa, siyo kiwango chenyewe.

Shikamooni. Nina kinu cha kukamua alizeti Kibaigwa. Nimeambiwa Serikali inatoa vijana wa mafunzo bila gharama. Nawapataje, na kuna mtego gani?
*Mama wa kinu, Kongwa*

Marahaba, mama. Vijana wapo wa aina mbili, na kosa la kwanza ni kuwachanganya.

Yupo mwanagenzi. Huyu anajifunza ufundi kwa kufanya, sehemu chuoni, sehemu kwako. Elimu yake inaweza kuwa ya darasa la saba au kidato cha nne. Yupo pia wa mafunzo tarajali, yaani mhitimu wa chuo anayetafuta uzoefu wa kazi kwa muda, kwa kawaida miezi 6 hadi 12. Wote wawili wamo kwenye Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi inayosimamiwa na wizara yenye dhamana ya kazi na ajira. Wanagenzi unawafuata kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi; wahitimu kupitia TaESA. Kwa kinu, unayemhitaji zaidi pengine ni mwanagenzi wa umeme au mitambo. Mhitimu wa uhasibu anafaa kama vitabu vyako bado viko kwenye daftari la kaunta.

Andika barua rasmi. Taja biashara na namba ya mlipakodi, idadi ya vijana, fani, muda, na hasa hasa jina la cheo cha atakayewasimamia. Barua zinazosema "naomba vijana wawili" na kuishia hapo hukaa kwenye faili, kwa sababu anayepanga hajui ampeleke nani. Ambatisha ukurasa mmoja wa kazi watakazojifunza wiki kwa wiki. Mkikubaliana, mnasaini mkataba wa pande tatu: wewe, kijana, na taasisi iliyomleta. Usimwingize kijana kinuni kabla ya saini. Akikatwa na mkanda siku ya tatu, utaulizwa ni nani kwako, na bila karatasi huna jibu.

Huo ukurasa wa kazi ndio unaotenganisha mafunzo na utumwa mdogo. Tuuandike kwa kinu chako. Wiki ya kwanza na ya pili: kupokea mbegu, kupepeta, kutoa mawe na vyuma, kupima unyevu, kusafisha vitambaa vya kuchujia. Wiki ya tatu hadi ya sita: kulisha mashine na kusoma mashudu. Mashudu yakitoka malaini na mafuta yakawa haba, mbegu ina unyevu au koni, ile ya kubana mashudu yanapotoka, imelegea. Yakitoka kama vigae vilivyoungua na mota ikaguna, koni imebanwa mno. Koni yenyewe asiiguse kabla hajaweza kukwambia kwa mdomo kinachoendelea ndani kwa kutazama mashudu tu. Wengi humkabidhi siku ya pili, skrubu inakwama, mkanda unaungua, halafu wanasema vijana wa siku hizi hawafai. Baada ya hapo ndipo kubadilisha mkanda, kupaka grisi, na kuzima mashine kwa utaratibu umeme unapokatika katikati ya kukamua.

Gharama haitakuwa sifuri, mama. Msimamizi anayefundisha vijana wawili hupoteza sehemu nzuri ya siku yake katika wiki za mwanzo. Ukimpa watatu, hafundishi, anachunga. Utawanunulia buti, glavu na vizuia sauti. Nauli na chakula mzungumze kwenye mkataba mapema. Jambo linaloongoza kuwakimbiza vijana njiani ni njaa ya saa nane mchana, wala si ugumu wa kazi.

Na kama unaye fundi wa miaka mingi asiye na cheti, muulizie VETA urasimishaji wa ujuzi. Wanampima kwa anachokijua, wanamfundisha pale penye pengo, anapewa cheti. Mwanagenzi anayefundishwa na mwenye cheti huaminika hata huko anakotoka.

Sisi wahitimu wa UDOM tunasoma kwamba Afrika Kusini mwajiri akiajiri kijana Serikali inamrudishia fedha. Kwa nini hapa isiwe hivyo?
*Mhitimu asiye na ajira, Dodoma*

Mnasoma sawasawa. Afrika Kusini mpango huo ulianza Januari 2014. Mwajiri anayemchukua kijana wa miaka 18 hadi 29 mwenye mshahara mdogo hapewi hundi kila mwezi. Anaruhusiwa kupunguza PAYE anayopeleka kwa mamlaka ya mapato. Kiwango cha juu ni randi 1,500 kwa mwezi katika miezi 12 ya kwanza, kisha nusu yake kwa miezi 12 mingine, basi. Wakaweka na kufuli: ukimfukuza mfanyakazi wa zamani ili kumpisha mwenye nafuu, faini ni randi 30,000 kwa kila uliyemfukuza.

Sasa rudini kwenye karakana ya Nkuhungu hapo juu. Watu kumi, laki tatu kila mmoja, PAYE ya wote ni sifuri. Nafuu ya kukata kwenye PAYE itakatwa kwenye nini? Kukata kwenye PAYE pekee kunamnufaisha mwajiri ambaye tayari ana mameneja wanaolipa kodi, yaani kampuni kubwa. Kwa Dodoma, ambako kijana huanzia gereji, salooni, duka la vifaa vya ujenzi au genge la mafundi wa Ihumwa, ingemfikia mwajiri ambaye hakuwa na shida sana. Nafuu ya maana hapa ingepitia SDL au mchango wa NSSF wa mwajiri kwa mwaka wa kwanza wa kijana, kwa sababu hizo ndizo zinazomtoka mwajiri mdogo kweli.

Uingereza walifanya kwa fedha taslimu. Mpango wa Kickstart, kuanzia 2020 hadi 2022, ulilipa kima cha chini kwa saa 25 za wiki, miezi 6, kwa vijana wa miaka 16 hadi 24 waliokuwa kwenye msaada wa Serikali, pamoja na pauni 1,500 kwa mwajiri za kumwandaa kila kijana. Nchi inayofanya hivyo inajua kila kijana yuko kwenye daftari gani.

Na ruzuku ya mshahara ina ugonjwa wake. Jordani, wahitimu wa kike wa vyuo vya kati walipewa vocha: mwajiri angelipwa kiasi sawa na kima cha chini kwa miezi 6. Wengi wakapata kazi. Vocha zikaisha, na kazi nyingi zikaisha nazo. Mwajiri alikuwa amekodi fedha, hakuwa ameajiri mtu. Ndiyo sababu tunawashauri msikimbilie kuomba fedha ya mwajiri wakati mwajiri anachokosa ni kijana anayeweza kuachwa na kazi peke yake ifikapo wiki ya nne. Tarajali kupitia TaESA, hata ikiwa na posho ndogo, inawapa hicho. Siku ya kwanza ombeni daftari la kumbukumbu na msaini kazi kila wiki. Barua ya mwisho isemayo "alikuwa mwaminifu na mchapakazi" haimwambii mwajiri wa pili lolote.

Tuko vijana watano wachomeleaji, Chang'ombe. Bosi anatuambia tuunde kikundi, tukope ule mkopo wa asilimia 10, tununue mashine, halafu tuendelee kumfanyia kazi palepale. Anasema hapo hatakuwa mwajiri wetu tena. Tukubali?
*Kikundi kisicho na jina bado, Dodoma*

Mkopo wenyewe ni mzuri. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023 na kurudishwa 2024 kwa kanuni mpya. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye saini, akaunti ya benki ya kikundi, andiko la mradi. Andiko la wachomeleaji huanguka sehemu ileile kila mara: mashine ya kuchomelea imeandikwa, jenereta na fundi umeme wa kuvuta laini havijaandikwa. Mkopo unaingia, mashine inakaa imefunikwa turubai ikisubiri umeme, na marejesho hayasubiri.

Wazo la bosi ndilo linalotutia shaka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kifungu kinachosema mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa: anaelekezwa namna na saa za kufanya kazi, anategemea mtu mmoja kwa riziki, anapewa vifaa naye, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano tu za saa tisa. Mkiendelea kuingia saa moja na nusu asubuhi getini kwake na yeye ndiye anayepanga geti lipi lichomelewe kwanza, kikundi chenu ni kofia tu. Mtabeba deni la mashine yake, bila NSSF, bila fidia mkiumia macho.

Kama mnataka kikundi, kiwe kikundi. Bosi awe mteja mmojawapo, kwa bei ya kazi, si ya siku. Wateja wengine msiwatafute mtaani pekee: sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za Serikali kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi ya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Mji wa Serikali Mtumba uko jijini humuhumu, na ofisi hazikomi kuhitaji mageti, rafu na madawati. Jisajilini kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya Serikali mtandaoni, kama kundi maalumu. Msichukue kazi kubwa ya kwanza ambayo chuma chake hamwezi kukinunua wenyewe, maana taasisi hulipa baada ya kazi, na wakati mwingine baada ya kazi sana.

Nalima zabibu Hombolo. Wakati wa kuvuna nachukua vijana ishirini kwa wiki tatu. SDL inanihusu?

Kwa wanaofanya kazi ya shambani moja kwa moja na hiyo tu, mkulima ana msamaha wa SDL. Karani wa ofisi yako na wale wa kusindika mchuzi wa zabibu au mvinyo hawamo kwenye msamaha huo. Tenganisha orodha zao tangu siku ya kwanza, maana ukiwachanganya kwenye karatasi moja utajikuta wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha nani alikuwa shambani. WCF haiangalii msimu. Nyoka wa shamba la zabibu naye haangalii.

Nina wafanyakazi 24. Kijana kiziwi ameomba kazi ya stoo. Kuna motisha yoyote?

Kuna wajibu kabla ya motisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kwa watu 24 hiyo ni chini kidogo ya mtu mmoja, kwa hiyo huyo mmoja anakutosheleza. Kwa stoo, gharama yako ni taa ya kuashiria mashine ya kubebea mizigo inaporudi nyuma na utaratibu wa kuandikiana oda. Huo utaratibu wa kuandika utakupunguzia makosa ya wale wanaosikia pia.

Nimemwajiri kijana gereji, miezi minne sasa, bado anafunga nati za magurudumu bila mpangilio. Naweza kumwachisha? Alikuja bila mkataba wa maandishi.
*Mwenye gereji, Kizota*

Tuanze na kosa lako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa. Nakala unaitunza miaka 5 baada ya ajira kwisha. Ukikosa karatasi na mkafikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wako.

Mfanyakazi aliye chini ya miezi 6 hana ule ulinzi kamili dhidi ya kuachishwa isivyo halali, na kipindi cha majaribio chenyewe hakipaswi kuzidi miezi 12. Hata hivyo notisi inamhusu: siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi aliyepita mwezi wa kwanza, au malipo badala yake. Mpe pia malipo ya siku alizofanya. Kama ulimkata NSSF hukupeleka, peleka kabla ya barua ya kumwachisha, si baada.

Lakini kabla ya barua, mwite leo jioni, weka tairi moja lenye nati tano, muonyeshe kufunga kwa kuruka moja, kama anachora nyota, kwanza kwa mkono zote, kisha spana, gari likishuka chini ndipo nguvu ya mwisho. Afanye mara kumi mbele yako. Andika tarehe, msaini wote wawili. Asipobadilika ndani ya wiki mbili, karatasi hiyo ndiyo utakayoibeba ukienda Tume. Akibadilika, muandikie mkataba siku hiyohiyo.